Geto Moja, Bosi Mmoja

Oya wana, tuanze na zile stika. Si mnazijua: za sponji, zina sura ya matofali meupe au ya kijivu, unabandua karatasi ya nyuma unabandika ukutani. Zinatoka China, zinatua Kariakoo, zinakwea basi mpaka Sumbawanga, halafu zinashuka na barabara ya Lyazumbi kuja huku Kabwe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, zikila vumbi kwenye buti la gari. Zikifika, mwana aliyepanga chumba karibu na bandari anabandika ukuta mzima, anapiga picha, anatupia status: geto limetakata.

Ngoma ni kwamba chini ya hizo stika kuna tofali. Tofali orijino, la kuchoma, jekundu, lililotoka kwenye tanuru la mtu anayefahamika. Ukizunguka Ufipa, kuanzia Sumbawanga mpaka Namanyere, unakutana na hayo matanuru pembeni ya barabara na nyumba zilizozaliwa humo. Kwa hiyo mwamba kachukua tofali feki kabandika juu ya tofali lenyewe. Na kwa joto la huku chini, gundi haimalizi msimu. Kona zinaanza kujikunja, mende wanahamia na familia. Huko mbele, London na New York, kuna watu wanamlipa fundi abomoe plasta ili tofali la zamani lionekane. Hiki ambacho mwana anakificha, wenzake wanakilipia.

Sicheki mtu hapa. Hamu ya kukaa sehemu nzuri ni hamu safi, na sela anayepeleka maokoto ya dagaa kwenye ukuta badala ya kwenye mkeka wa kubeti mimi nampa tano. Ninachobisha ni hii imani kwamba geto kali ni geto lililojazwa. Angalia mageto yanayotamba kwenye simu: stika huku, taa za LED zinazobadilika rangi kule, maua ya plastiki yananing'inia darini, sabufa kama jeneza, kapeti la manyoya, bendera ya timu, kioo chenye fremu ya dhahabu feki. Kila kitu kinapiga kelele, na wewe umelala katikati unajiuliza mbona usingizi hauji.

Wenzetu wa Nairobi wana nganya zao, zile matatu za Rongai zilizochorwa mpaka kwenye rimu, ndani taa, skrini na muziki wa kutikisa mbavu. Mimi nganya nazikubali kinoma. Lakini abiria anapanda, anadata na mzuka, anashuka, anaenda kulala kwenye keja yake. Geto ni kitu unachoamka nacho, wana. Haliwezi kuwa nganya.

Msimamo wangu ni huu: geto linatakiwa kuwa na bosi mmoja. Waliobaki wote ni deiwaka.

Bosi ni kile kitu ambacho jicho linakutana nacho mlango ukifunguka. Kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho cha kulala, ndicho sebule, ndicho stoo na ndicho jiko, mara nyingi bosi ni kitanda, upende usipende, kwa sababu 5 kwa 6 inakula karibu theluthi ya sakafu. Usishindane nacho. Kama kitanda ndiye bosi, mpe pamba za kibosi: shuka moja ya rangi moja, iliyonyooka, mito miwili, basi. Ukimtandikia blanketi la chui, halafu pazia la maua, halafu kapeti la pundamilia, umefungua mbuga ya Katavi na huna hata mhifadhi.

Kujua kama geto lako lina mabosi wawili wanaozipiga, fanya hivi. Simama mlangoni, piga picha na simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka unabaki na uzito mtupu: vitu vyeusi vinaonekana vizito, vyeupe vyepesi, na unaona kabisa chumba kimeinamia upande gani. Wengi utakuta upande mmoja kuna kabati jeusi, sabufa jeusi, runinga nyeusi na begi jeusi vimebanana, upande wa pili kuna ukuta mtupu na ndoo. Hapo hata ubandike nini, chumba kitaendelea kuonekana kama boti iliyopakia simenti upande mmoja.

Maza zetu walishaijua hii hesabu zamani, ila kwa staili yao. Ingia sebule ya maza yeyote pale Namanyere au Kirando: kochi mbili zinaangaliana, kila kochi ina kitambaa cha kufuma, stuli huku na stuli kule, picha ya harusi katikati, kalenda ya parokia pembeni, na runinga nayo imevishwa kitambaa utadhani inasikia baridi. Kila kitu pacha. Tunawacheka, lakini ile ni mizani, na ni mizani yenye ukoo mrefu. Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kilikuwa na ukuta wa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, safu juu ya safu, kushoto sawa na kulia, ndani yake wakipanga sahani za kauri zilizokuja na majahazi. Watu walikuwa wanavimba na vyombo vya China miaka hiyo, ila walijua kuvipa nafasi. Kila sahani na kidaka chake.

Sasa wewe huna kochi mbili wala kuta za Lamu. Una kitanda kimoja kilichosukumwa ukutani. Mizani yako haiwezi kuwa ya mapacha, itakuwa ya uzito. Kitanda kiko kushoto, kipana na cha chini. Kulia weka kitu chembamba na kirefu: pazia linaloanzia juu kabisa hadi chini, kioo cha kusimama, au shina la mti uliookotwa ufukweni, limesimamishwa, linatundikiwa mashati. Kipana kwa kirefu, cheusi kidogo kwa cheupe kingi. Ukishazoea utaona hata bila picha.

Lakini yote hayo ni bure kama umesahau uko wapi, na hapa ndipo mageto ya kwenye simu yanatupoteza zaidi. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 770 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga iko juu kwenye uwanda, karibu mita 1,800. Mkoa mmoja, basi moja, ila ukishuka umebadilisha dunia. Mwana wa Sumbawanga ikifika Juni na Julai analala na sweta. Kwake pazia zito, kapeti nene, blanketi zito la mtumba na ukuta wa rangi ya udongo ni akili. Huyo bosi wake anaweza kuwa lile blanketi, na geto likapendeza kishenzi.

Yule yule akishusha vitu vyake Kabwe, kapika uji wa jasho. Huku bosi wa asili ni dirisha. Upepo wa ziwa ndio feni ya bure, na geto lote linatakiwa kupangwa kwa adabu mbele yake: usisukumie kabati hapo, usiweke pazia la velveti, usizibe na bendera. Pazia la pamba jepesi linatosha, la rangi ya kupauka, linalocheza upepo ukiingia. Linapocheza lenyewe ni pambo.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna video ya Dar itakwambia: dagaa. Tunaishi mwaloni. Dagaa wanaanikwa mchana kutwa, na harufu yao inapenda kitambaa kuliko demu anavyopenda marashi. Kapeti la manyoya Kabwe baada ya mwezi ni kichanja cha dagaa ambacho hakina dagaa. Kwa hiyo kila kitambaa unachoingiza geto jiulize swali moja: naweza kukifua na kukianika kikakauka leo leo? Kama jibu ni hapana, kiache dukani. Sakafuni tandika mkeka. Unakung'utika mchanga, haunyonyi harufu, miguu inapoa, na ukiusimamisha ukutani nyuma ya kitanda unakuwa kichwa cha kitanda ambacho seremala angekulima hela ndefu kukichonga.

Juu nako kuna bati, na bati la Kabwe saa nane mchana halina utani. Singibodi ni gharama na nyumba siyo yako. Masela kadhaa wanaunga shuka nyeupe za mtumba na kuzitandaza chini ya bati zikabanwa pande nne. Zinapunguza ule mng'ao wa moto, zinadaka vumbi na mavi ya mijusi, na chumba kinaonekana kirefu. Ila kama unapikia ndani, achana nayo kabisa. Shuka na jiko la mkaa havikai chumba kimoja.

Rangi. Hapa nitakaa kidogo maana huku tumelala juu ya utajiri. Kwenye hili ziwa kuna samaki wa mawe, wale wenye rangi ambao mvuvi akiwanasa hana habari nao, anamtaka mgebuka na kuhe. Ziwa lina aina zaidi ya 200 za hiyo jamii, na karibu zote hazipatikani sehemu nyingine duniani. Ujerumani na Marekani kuna watu wamepanga sebule nzima kuzunguka tangi la kioo lenye samaki wa kwetu. Wanawataja kwa majina ya vijiji: frontosa wa Kipili, trofeusi wa Kasanga. Mwenye tangi hajawahi kufika Rukwa, lakini anajua Kipili kwa sababu bosi wa sebule yake katokea hapo. Na sisi tuliozaliwa na ziwa mlangoni tunatafuta ua la plastiki.

Siyo kwamba nakwambia ufuge samaki geto. Nakwambia mwangalie frontosa vizuri. Mwili mweupe uliopauka, sehemu kubwa. Juu yake mistari mipana myeusi, michache, imesimama wima. Kisha mapezi yana bluu kidogo, bluu ya kumeremeta, na inatosha kukufanya usiangalie kingine. Mafundi wa kupamba nyumba wana kanuni yao ya 60, 30, 10: asilimia 60 rangi ya utulivu, 30 rangi ya pili, 10 ya kushtua. Samaki kashaipiga hesabu hiyo kwa makadirio bila kalamu. Chokaa kuta tatu, mbao na vitu vyeusi vichache, halafu bluu moja: mto, au mlango wa kabati, au kiti. Kimoja. Ukipaka bluu kila kitu inageuka sare.

Na ukuta wa nne usiuguse. Uache na tofali lake. Piga brashi ya chuma, futa vumbi, pitisha vanishi nyepesi ili usiwe unaamka na unga mwekundu kwenye mto. Ukimpa cheo, huyo ni bosi ambaye hajakugharimu hata jero ya stika.

Ukitaka picha ukutani, usikimbilie bango la gari ambalo huna. Nenda kule boti zinapokarabatiwa. Wale mafundi wanaoandika majina ya boti na kuchora ndege, nyota na nyoka ubavuni wana mkono wa kufa mtu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia kipande cha ubao laini na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Hakuwa na turubai la msanii wala brashi za Ulaya. Alifariki mwaka 1972, yaani alifanya hiyo kazi miaka minne tu, na mpaka kesho watalii wanazibeba picha za staili yake kwenye ndege. Sasa fundi wa boti Kabwe ana rangi ya jamii ile ile mkononi. Mpelekee kipande cha ubao cha mraba, mwambie akuchoree mgebuka mmoja mkubwa, ajaze ubao mzima, kwa rangi tatu. Lipa bei anayosema, usimlilie. Utakuwa na kitu ambacho hakuna geto lingine linacho kuanzia Karema mpaka Kasanga.

Hao hao mafundi wana mbao za boti zilizokufa. Zanzibar na Lamu fanicha za mbao za majahazi chakavu ni biashara ya kishua, meza moja bei yake utazimia, na raha yake yote ni ile rangi iliyobanduka na matundu ya misumari. Boti zetu za mbao nazo zinazeeka. Ubao mmoja wenye rangi ya kijani iliyochoka, ukakaa juu ya vyuma viwili vya pembe, ni shelfu. Usiupige msasa mpaka ukawa mpya, utaua kila kitu. Uoshe tu maisha yake ya zamani kwa maji na sabuni, maana nayo yana dagaa wake.

Nyavu? Kipande cha wavu mkuukuu kona moja, kimeshikilia kofia na chaja, kiroho safi. Ila usitundike kokoro. Linapigwa marufuku kila siku, halafu wewe umelifanya pambo na mlango uko wazi. BMU, wale wasimamizi wa mwalo, wakipita hapo hawatajua kama ni sanaa.

Taa nayo. Kuna wana wanachukua ile balbu ya betri ya kuvulia, ile inayowaita dagaa usiku kule katikati ya maji, wanaifunga geto. Mwanga mweupe wa duka la dawa, kila mtu anaonekana anaumwa. Ziwani ni sawa, kazi yake ni kuvuta samaki. Ndani ya chumba igeuze iangalie ukuta wa tofali, mwanga urudi ukiwa umechukua wekundu wake, au tafuta balbu ya njano uiweke chini, kwenye kona, siyo katikati ya dari. Chumba kikiwa na kivuli sehemu moja kinakuwa kikubwa. Zile LED za kubadilika rangi sizipigi vita, ila chagua rangi moja ubaki nayo. Mwanga unaohama kutoka kijani kwenda zambarau kila sekunde tano umeshajichagua kuwa bosi bila kukuuliza.

Kuhusu maokoto, kuna kitu kila mtu wa mwaloni anakikumbuka. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu samaki wapumzike. Hela za mwalo zina tabia hiyo: zipo, hazipo. Sela aliyebeba sabufa la mkopo kabla ya kipindi kama kile anajua alivyolipa. Kwa hiyo anza na godoro, godoro zuri, hapo usibane. Kisha neti. Kisha pazia. Halafu subiri. Kaa kwenye chumba kitupu mwezi mzima, uone jua linaingilia wapi asubuhi, upepo unatokea upande gani, wewe mwenyewe unapenda kukaa wapi ukirudi umechoka. Chumba kitakwambia kinataka nini, na mara nyingi kinataka kidogo kuliko ulivyopanga.

Kabla hujagusa ukuta, kapige hodi kwa mwenye nyumba. Mama wa watu usimvizie na misumari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta kodi?"

"Bado mama, hiyo mwisho wa mwezi. Nilikuwa naomba ruhusa nipake chokaa chumbani. Kuta tatu."

"Tatu? Huo wa nne hela imeisha?"

"Hapana mama, huo nauacha makusudi. Tofali lionekane."

"Lionekane na nani? Sisi tunatafuta hela ya plasta usiku na mchana, wewe unataka tofali lionekane! Haya, paka. Ila ukihama chokaa yangu usiibandue."

Ruhusa hiyo umepata, na chokaa imeshakuwa yake kabla hujainunua. Vitu vya kutundika omba vitatu, atakupa viwili. Kwa hiyo tundika ubao mmoja wa picha na shelfu moja, vingine viegemee ukuta. Hiyo nayo ni bahati, maana mama mwenye nyumba anakulinda usijaze ukuta kuliko mimi ninavyoweza.

Tahadhari ya mwisho ni ya biashara. Geto likishanyooka, tofali linang'aa, mgebuka uko ukutani, bluu yako imetulia, vidole vitakuwasha kutupia status. Tupia. Ila kwanza ingia kwenye mipangilio, mfiche mama mwenye nyumba, na mfiche na binti yake anayesoma Sumbawanga, maana huyo ndiye atakayempigia simu kumuuliza: "Mama, hivi kile chumba tunampangisha kwa bei gani?"